Mbofyaji Anayepumzika

"Nifungiwe mimi kwa vidole vya mtu mwingine?" Mama Pacha aliuliza, akaisukuma kompyuta upande wa mgeni wake. "Hebu soma mwenyewe, dada. Labda mimi ndiye nisiyejua kusoma."

Mgeni alivaa miwani. Alikuwa mpelelezi mstaafu wa polisi, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba, ambaye wenzake kituoni walimbandika jina la Sisimizi kwa sababu alikuwa akifuata punje moja ya sukari mpaka aukute mkebe. Tangu astaafu alikuwa amehamia kwenye wizi wa mitandaoni. Wizi huo, alipenda kusema, hauna mlango uliovunjwa wala jirani aliyesikia kishindo.

Onyo la kampuni ya matangazo lilikuwa fupi na kavu. Mama Pacha alikuwa na tovuti ya kufundisha ushonaji. Kampuni iliweka matangazo ya watu kando ya masomo yake. Msomaji akivutiwa na tangazo akalibofya, mwenye tangazo hulipa, na fungu moja la malipo humfikia Mama Pacha. Sasa kampuni ilikuwa imegundua mibofyo ya uongo: mtu anabofya, anarudi, anabofya tena, hanunui hata uzi. Kwao huo ulikuwa wizi, na mwizi wa kwanza kushukiwa ni mwenye tovuti. Mibofyo isipokoma, akaunti itafungwa, na haitafunguliwa tena maisha.

"Hii tovuti ndiyo inayowalisha pacha wangu," alisema Mama Pacha. "Ndiyo inayomtibu baba yangu. Niliacha kazi kiwandani kwa ajili yake. Wakiifunga, nirudi wapi?"

"Mama, msihangaike bure, hizo ni roboti," ilisema sauti kutoka chini ya meza ya kukatia nguo.

Mwenye sauti alitambaa akatoka na kipande cha kebo mkononi. Alikuwa fundi wa mitandao, mtanashati, ananukia manukato, na watu walimwita Waya. Yeye ndiye aliyeijenga tovuti ile tangu msingi.

"Mtandao umejaa roboti kama siafu," aliendelea huku akijipangusa magoti. "Ndiyo maana nimemshauri dada ahamie chini ya akaunti yangu kubwa. Wateja wangu wote wamekaa humo, salama salimini, kama vifaranga chini ya kuku. Mkataba nimeshauandaa. Ni kuweka sahihi tu."

"Kuku naye anakula nini?" aliuliza Sisimizi.

Waya alicheka kwa adabu. "Kidogo tu, mama. Ada ya ulinzi."

Sisimizi hakuendelea na hilo. Aliuliza nani mwenye nywila ya akaunti, nani anayeweza kuingia ndani na kuona mibofyo inavyopanda na kushuka.

"Mimi na Waya," alijibu Mama Pacha. "Hata mume wangu haijui."

Mpelelezi alianza kuipekua tovuti, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Alifika mahali penye picha ya skrini ya simu iliyotapakaa vidoa vyekundu.

"Na huu upele?"

"Ni ramani ya miguso. Inanionyesha wanafunzi wangu wanagusa wapi kwenye skrini. Wakigusagusa somo moja sana, najua hawajaelewa, nalirudia."

Sisimizi alichagua miguso ya yule mbofyaji peke yake, akaipanga kwa wiki. Wiki ya kwanza vidoa vilikuwa vimetawanyika kama mtama uliomwagika. Vingi viliangukia nje ya tangazo kabisa. Wiki iliyofuata vilikaribia. Hatimaye vilirundikana juu ya tangazo, kimoja juu ya kingine. Kisha akaangalia mwendo wake. Mibofyo ilikuja kwa mafungu: fungu, kimya kidogo, fungu jingine, kimya.

"Waya, mwanangu, roboti huwa inachoka?"

"Ah, mama! Roboti haichoki."

"Na hukosea shabaha?"

"Haiwezi."

"Basi huyu si roboti," alisema Sisimizi. "Huyu anakosea, anajifunza, na anapumzika. Na mtu wa kulipwa kwa mbofyo angekuwa na pupa, asingepumzika hivi kwa mpango." Aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya ushungi wake. "Nani huyu lakini? Mama Pacha, una adui?"

"Adui sina," alijibu Mama Pacha. Kisha akaongeza, "Nina Malkia."

*

Malkia wa Sindano naye alifundisha ushonaji mtandaoni, na mwaka uliopita alikuwa amemtangaza Mama Pacha mbele ya maelfu ya watazamaji kuwa mwizi wa mishono. Kama mshukiwa, alikuwa amekamilika. Na akazidi kukamilika pale dawati la polisi la makosa ya mtandao, kwa ombi la Sisimizi, lilipoandika barua kwa kampuni ya intaneti, nayo ikajibu kwamba mibofyo yote ilitoka kwenye laini ya jengo moja la ghorofa mbili karibu na soko. Kwenye ghorofa ya chini ya jengo hilo kulikuwa na duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa Malkia.

Sisimizi hakumwambia Mama Pacha habari za jengo. Ilikuwa desturi yake: mteja huambiwa jambo likishaiva, lisije likaungua mdomoni mwake.

Alimkuta Malkia akipasua kitenge kwa mkasi mkubwa kama wa kukatia mabati.

"Unataka mita ngapi?"

"Nataka kujua kwa nini unabofya matangazo ya Mama Pacha."

Mkasi ulisimama katikati ya ua jekundu.

"Nani? Mimi?" Malkia aliuweka mkasi chini, akajishika kiuno. "Dada, mimi nikimchukia mtu namwambia usoni, tena kwa kipaza sauti, watu wasikie. Hayo ya kunyatia usiyahusishe na mimi. Halafu unaniuliza mimi niliyebofywa kabla yake?"

"Ulibofywa?"

"Nikafungiwa! Akaunti yangu, jasho langu, puu! Ikazimwa kama mshumaa. Unafikiri kwa nini nilimtukana Mama Pacha siku ile? Nilidhani ni yeye." Alipunguza sauti. "Nilikosea, naona. Kama naye yamemkuta, basi tuna mchawi mmoja."

Sisimizi alijisogezea stuli. "Sasa unaishije bila akaunti?"

"Nimepanga kwa mtu. Tovuti yangu iko chini ya akaunti yake. Hela zinaingia kwake, ananikatia anachojisikia. Nikiuliza, ananiambia, dada, shukuru una pa kujisitiri. Ni fundi mmoja hivi, ananukia kama harusi. Wanamwita Waya."

"Yeye ndiye aliyekujengea tovuti?"

"Yeye yule. Na alikuwa ameniambia nihamie kwake hata kabla sijafungiwa. Nikakataa. Mwezi haukuisha." Malkia alimtazama mgeni wake, na polepole mdomo wake ukabaki wazi. "We dada. We!"

"Bado," alisema Sisimizi. "Dhana siyo ushahidi. Waya hakai jengo hili, na mibofyo inatoka humu. Intaneti hii mnagawana na nani?"

"Na kila mwenye pumzi. Nywila imebandikwa ukutani pale ngazini, hata paka wa jengo anaijua. Juu yuko wakili ambaye haji kazini, na wale wa mazoezi ya viungo."

Wakati huo huo sauti ya mwanamke ilipenya kwenye dari, kali kama ya kuongoza gwaride: "Nyooshaaa! Kunjaaa! Haya, pumzika!"

Sisimizi aliinua uso akaitazama dari. Kimya kidogo kilipita. "Tena! Nyooshaaa!"

"Kila siku ndiyo hivyo," alisema Malkia. "Huwa nanyoosha nao bila kupenda."

Mpelelezi alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

*

Chumba cha mazoezi kilikuwa kirefu, chenye mikeka ya mpira na kioo ukuta mzima. Wagonjwa sita au saba, wengi wao wazee, walikuwa wakihangaika na viungo vyao: huyu anabana mpira, yule anajivuta kwenye vyuma vya kutembelea. Mtaalamu wa viungo, mwanamama mwenye suti ya michezo, alipita kati yao akirekebisha kiwiko hapa, goti pale.

Karibu na dirisha alikaa mzee mrefu mwenye filimbi shingoni. Simu yake ilikuwa imelazwa kwenye kibao mapajani, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kikipanda na kushuka juu yake. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Mtaalamu aliposema "pumzika", kidole kikatulia. Aliposema "tena", kikaanza.

Sisimizi alisimama akatazama mafungu mawili yakipita. Kisha akavuta kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeletwa na nini, goti au bega?"

"Udadisi."

"Huo hauna mazoezi," alisema mzee, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili ulichelewa kidogo kufuata. "Niite Refa. Nimechezesha mpira miaka yangu yote mpaka kiharusi kikanitoa uwanjani. Filimbi hii ni ya kunyooshea mashavu. Mtaalamu ananilazimisha niipulize, majirani wa chini wananilaani."

"Na simu?"

Refa alitazama huku na huku, akainama karibu. "Simu ni siri yangu. Kidole hiki kilikuwa kama ndizi iliyoiva, hakiwezi hata kushika kijiko. Sasa tazama." Kidole kilishuka katikati ya skrini, tap, bila kuyumba. Tangazo la cherehani likafunguka. Akarudi nyuma, akabofya tena. Juu ya ukurasa, Sisimizi alisoma jina la tovuti ya Mama Pacha.

"Hii ni tovuti ya binti yangu," Refa alinong'ona, macho yakimetameta. "Yeye ananilipia matibabu, hataki hata nimshukuru. Basi na mimi namlipa kimyakimya. Kila nikibofya, mwanangu anapata kitu."

Sisimizi alijikuta hana haraka ya kuuliza swali lililofuata. Aliisikiliza "nyoosha" moja na "pumzika" moja. Kisha akauliza, "Nani alikufundisha, mzee?"

"Fundi wake wa kompyuta. Kijana ana adabu huyo! Alikuja kuniona siku za mwanzo, niko hoi, naona aibu hata kulishwa. Akaniambia, mzee, unaweza kumsaidia binti yako kwa kidole kimoja tu. Akaniwekea kila kitu. Akaniusia nibofyee huku kwenye mazoezi, si nyumbani, iwe zawadi ya kushtukiza. Na hunitumia ujumbe wa sauti kunitia moyo. Hata jana katuma."

"Mzee, mimi ni mpelelezi. Binti yako ndiye aliyeniita." Na Sisimizi akamweleza yote, taratibu, bila kumpaka mafuta.

Maelezo yalipokwisha Refa aliugeuza mkono wake wa kulia, akautazama kiganja kama kitu cha mtu mwingine.

"Kwa hiyo nimemchezea rafu mwanangu mwenyewe."

"Ulipewa sheria ya uongo, mzee. Hukujua."

"Refa hasemi 'sikujua sheria'," alijibu. Kisha akainua kichwa, na sauti yake ikawa ya uwanjani. "Mimi ni mtuhumiwa au shahidi?"

"Shahidi. Lakini mibofyo kutoka hapa inathibitisha kosa lako tu. Waya atasema alikuwa anakutania, nawe ukachukulia kweli. Namtaka aseme mwenyewe kwamba anajua kinachoendelea." Sisimizi alivuta kiti karibu zaidi. "Fikiria hivi. Ukiacha kubofya leo, nani atajua? Watu wawili tu wanaona akaunti kwa ndani. Mmoja ni binti yako, naye atashusha pumzi. Mwingine..."

"Mwingine atalalamika," alimalizia Refa. Alikizima kioo cha simu kwa kidole kile kile. "Basi mpira usimame. Tuone nani atakuja kumzonga mwamuzi."

*

Malalamiko hayakuchelewa. Sisimizi aliyasikiliza akiwa ameketi na Refa kwenye benchi nje ya jengo, simu ikiwa katikati yao.

"Mzee wangu," ilisema sauti laini ya Waya kwenye ujumbe, "naona huku hakuna kitu tangu juzi. Vidole vimegoma? Jikaze kidogo tu mzee, tumebakiza siku chache. Na bado asijue, eh? Tutaharibu zawadi."

"Siku chache kwa nini?" aliuliza Refa.

"Kwa sababu kampuni ikiona mibofyo imekoma, haifungi," alijibu Sisimizi. "Na binti yako asipoogopa, hasaini."

Siku ya kusaini ilipofika, Waya aliingia na mkataba ndani ya bahasha nzuri. Kwenye chumba cha kushonea alimkuta Mama Pacha, mume wake, Sisimizi, Refa kwenye kiti cha pembeni, na mteja mmoja mnene aliyesimama mikono juu huku Mama Pacha akimpima kifua.

"Naona leo familia nzima," alisema Waya. "Vizuri, muwe mashahidi."

"Kabla ya sahihi," alisema Sisimizi, "mibofyo imefikia wapi?"

"Imepungua kidogo, mama, lakini msidanganyike. Roboti hujificha, zikirudi zinarudi kwa hasira. Dada asaini leo leo."

"Tangu lini imepungua?"

"Tangu siku nne zilizopita."

"Na juzi ulimwambia nani ajikaze?"

Waya alitabasamu kama mtu ambaye hajasikia vizuri. Refa aliinua simu yake, akagusa mara moja. *Mzee wangu, naona huku hakuna kitu tangu juzi. Vidole vimegoma?*

Ujumbe ulicheza mpaka mwisho. Futi ya kupimia ilikuwa bado imemzunguka mteja mnene, na Mama Pacha alikuwa ameshika ncha zake mbili bila kusoma namba.

"Nilikuwa namtia moyo mgonjwa," alisema Waya. "Ni mazoezi. Muulizeni daktari wake! Kuna kosa gani mzee kufanya mazoezi?"

"Hakuna," alisema Sisimizi. "Malkia wa Sindano naye alifanyiwa mazoezi na nani? Amenipa majina ya wengine waliopanga chini ya akaunti yako. Wote wamejengewa na wewe. Wote walikataa kuhamia, wakabofywa, wakafungiwa, wakahamia. Kuku wako, mwanangu, anakula vifaranga."

Waya aligeukia mlango. Mteja mnene alishusha mikono, akaivua futi, akamtolea kitambulisho cha dawati la makosa ya mtandao.

"Samahani, mama," alimwambia Mama Pacha, "lakini kifua changu ni ngapi? Suti naitaka kweli."

Waya alipokwisha kutolewa nje, bahasha yake imebaki mezani, Mama Pacha alikuwa amesimama mbele ya baba yake.

"Baba, ni wewe?"

"Ni mimi." Refa alijaribu kuinuka, kwa kuwa alihisi hukumu husomwa watu wakiwa wamesimama. "Nilitaka kukupa, mwanangu. Nimekuchoma. Sina cha kujitetea."

"Miezi yote hii, kila siku?"

"Kila siku ya mazoezi."

"Kwa mkono gani?"

Refa hakulielewa swali. Aliunyanyua mkono wa kulia. "Huu."

"Huo?" Sauti ya Mama Pacha ilipasuka. "Huo ambao tulikuwa tunakufungia vifungo? Ulioangusha kikombe ukalia, ukadhani hatukuoni?" Aliushika, akakikunja kidole, kikakunjuka chenyewe na kumsukuma. Akacheka, machozi yakimtiririka, akaupiga mkono ule kofi dogo, kisha akaubusu. "Mwizi wangu wewe!"

Sisimizi alijifanya anaangalia cherehani.

Maelezo waliyoitumia kampuni ya matangazo siku iliyofuata yalisema kweli tupu: nani alibofya, nani alimdanganya, na polisi wana nini mkononi. Waliambatanisha ujumbe wa sauti. Waliomba mapato yote ya mibofyo ile yarudishwe kwa wenye matangazo, nywila ikabadilishwa, na tovuti ikawekewa kinga ya kuficha matangazo kwa yeyote anayebofya kupita kiasi. Jibu lilichukua muda wa kumkondesha mtu. Lilipofika lilikuwa kavu vilevile: mapato ya uongo yameondolewa, onyo limefutwa, akaunti ibaki wazi. Malkia naye aliambiwa ombi lake litasikilizwa upya. Alikuja mwenyewe kumpa Mama Pacha habari hizo, akasimama mlangoni na kitambaa cha bure kwapani, akiwa hana kipaza sauti.

Sisimizi alipita kuaga akamkuta Refa amekaa katikati ya chumba, mikono mapajani, amenuna.

"Kuna nini tena, mzee?"

"Mtaalamu anasema vidole visilale. Simu nimenyang'anywa. Sasa nibofye nini?"

Mama Pacha hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. Alivuta gauni lililotundikwa ukutani, lenye mstari wa vifungo vidogo kutoka shingoni hadi kiunoni, akalitua magotini mwa baba yake.

"Vifungo, Baba. Funga vyote, halafu vifungue. Hivyo havina kampuni."

Refa aliinamia gauni. Kifungo cha kwanza kilimponyoka. Akakijaribu tena, kikamponyoka. Kisha kikaingia.